Kosa Linaanzia Nchi Kavu: Ulevi, Usukani na Sheria za Majini

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri kutoka mbali, na nyinyi vijana wangu mnaosubiri meli yenu ya kwanza. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie sheria za kuendesha chombo cha majini ukiwa umelewa, pamoja na adhabu zake. Faini na vifungo nitavitaja, kwa sababu ni lazima mvijue. Lakini nawaomba msikilize hili kwanza. Baharia anayekamatwa na pombe kwenye usukani, kosa lake lilianza saa nane au kumi nyuma. Lilianza yuko bandarini, amevaa nguo za mtaani, mshahara uko mfukoni, hana zamu na hakuna mtu anayemdai kitu. Akipanda ngazi ya meli kurudi kazini, mambo yameshaharibika. Meli inaweza kufika salama, isiguse gati wala mwamba, na bado akafungwa. Sheria hizi hazingoji ajali. Zinangoja kipimo.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana kijana asiyejua tarakimu hujipima kwa hisia, na aliyelewa hujiona mzima.

Wote mtakaofanya kazi kwenye meli za kimataifa mtakuwa chini ya STCW, mkataba wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Marekebisho yake yaliyopitishwa Manila mwaka 2010, yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012, yanaitaka kila nchi mwanachama, Tanzania na Kenya zikiwemo, iweke kikomo kisichozidi asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, au miligramu 0.25 kwa kila lita ya pumzi. Kikomo hicho kinamhusu nahodha, maofisa na baharia yeyote anayefanya kazi ya usalama, ya ulinzi au ya kutunza mazingira ya bahari. Nchi inaweza kukaza zaidi ya hapo, lakini kulegeza hairuhusiwi. Zamani mwongozo ulikuwa 0.08. Mkataba huo pia una ushauri wa saa nne: usinywe pombe ndani ya saa nne kabla ya zamu.

Sasa hizo saa nne ndizo mtego, na naomba nikae hapo kidogo.

Chukua bia ya nusu lita yenye pombe asilimia 5. Ndani yake kuna takriban gramu 20 za pombe halisi. Mwanamume mwenye kilo 70 akiimaliza, damu yake itapanda kufikia karibu 0.04. Bia moja tu, na tayari yuko mlangoni. Mwili wake unaondoa pombe kwa wastani wa 0.015 kwa saa, na kasi hiyo haibembelezwi kwa kahawa, wala kwa supu, wala kwa kuoga maji baridi. Mwanamke, au mtu mwenye mwili mdogo, kiasi hichohicho cha bia kitampandisha juu zaidi.

Mchukue kijana huyo ateremke bandarini saa mbili usiku, anywe bia tano, aache saa sita kamili. Anajiambia: nina zamu saa kumi alfajiri, nimetimiza saa nne zangu, sina kosa. Piga hesabu. Saa sita usiku damu yake iko karibu 0.15. Anapoamshwa kwenda briji, chumba cha kuongozea meli, iko karibu 0.09, yaani anakaribia mara mbili ya kikomo cha mkataba. Amelala, amepiga mswaki, amevaa sare safi, anaongea vizuri, na ni mlevi kisheria. Atashuka chini ya 0.05 jua likiwa limeshachomoza na zamu yake ikielekea mwisho. Huyo ametii ule ushauri wa saa nne na amevunja sheria kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mkihesabu, anzeni na zamu, mrudi nyuma hadi kwenye glasi. Msianze na glasi.

Haya, adhabu. Nitazitaja za nchi mbili ambazo meli zenu hazitaziepuka.

Marekani, kwa meli ya biashara kikomo ni 0.04, na meli ya kigeni ikiingia kwenye maji yao iko chini ya kikomo hicho hicho. Boti za starehe zina 0.08. Sheria yao ya shirikisho inaweza kukutoza faini ya kiraia ya maelfu ya dola bila hata kesi ya jinai. Wakiamua kukushtaki kwa jinai, kifungo kinafika mwaka mmoja na faini inaweza kufika dola 100,000. Mtu akifa kwa uzembe wa nahodha au ofisa, kuna kosa jingine linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 10. Likitokea tukio kubwa, pombe inatakiwa ipimwe ndani ya saa mbili. Na kukataa kupimwa hakukusaidii, kwa sababu kukataa kwenyewe kunatumika kama ushahidi dhidi yako.

Uingereza, sheria inayohusika ni ya mwaka 2003. Inamgusa nahodha, rubani anayeingiza meli bandarini, na baharia yeyote wa kitaalamu aliye kazini, kwenye meli ya Uingereza popote duniani na kwenye meli ya kigeni ndani ya maji ya Uingereza. Kikomo chao leo ni maikrogramu 25 katika mililita 100 za pumzi. Kifungo ni hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Maofisa wa bahari wana ruhusa ya kuizuia meli isiondoke mpaka polisi wafike. Kuna kifungu ndani ya sheria hiyo ambacho wengi hawakijui, na mimi nakiona ndicho chenye busara kuliko vyote: baharia ambaye hayuko zamu lakini ana kazi ya kulinda abiria ikitokea dharura, naye anafungwa na kipimo kilekile. Kijana wa mgahawa kwenye meli ya abiria, ambaye kwenye karatasi ya dharura ameandikiwa kuongoza watu kwenye boti ya uokozi namba sita, hana usiku wa kulewa akiwa melini. Meli haichagui saa ya kuzama.

Sheria hiyo ilitoka kwenye msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, katikati ya London, kwenye mto Thames, boti ya starehe iitwayo Marchioness iligongwa na meli ya kuchota mchanga, Bowbelle. Ndani ya Marchioness kulikuwa na sherehe ya vijana. Watu 51 walikufa. Uchunguzi ulilaumu kwanza kabisa ulinzi mbovu wa macho kwenye vyombo vyote viwili, lakini lilijitokeza pia jambo hili: nahodha wa Bowbelle alikuwa amekunywa painti kadhaa za bia mchana wa siku iliyotangulia, kabla ya kurudi kwenye meli. Hapakuwa na sheria ya kumpima nahodha kama anavyopimwa dereva wa gari. Familia za marehemu zilihangaika miaka zaidi ya kumi kudai uchunguzi kamili wa wazi. Jaji Clarke alipopewa kazi ya kuchunguza usalama wa mto ule, alipendekeza pombe majini iwekewe kipimo cha kisheria, na bunge likafuata. Mkisoma kifungu cha sheria mkakiona kikavu, kumbukeni kilivyopatikana.

Nataka sasa niwasimulie meli moja kwa undani, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu.

Inaitwa Lysblink Seaways, meli ya mizigo. Februari 2015 ilitoka Belfast ikielekea Skogn, Norway, imebeba karatasi. Usiku wa manane chifu ofisa, yule anayemfuata nahodha kwa cheo, alipokea zamu briji, akabaki peke yake. Alikuwa amekunywa karibu nusu lita ya ramu. Kulikuwa na giza, kwa hiyo baharia wa kuangalia mbele alitakiwa awepo pale juu, hakuwepo. Kulikuwa na kengele ya zamu, ile inayodai ubonyeze kitufe kila baada ya dakika chache ili ijulikane kuwa uko macho, haikuwashwa. Basi meli ikashika njia yake yenyewe, hakuna mtu anayegeuza usukani pale palipotakiwa kugeuzwa, mpaka saa nane na nusu usiku ilipopanda mwamba karibu na Kilchoan, pwani ya magharibi ya Scotland, kwa kasi ileile ya safari. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Tani 25 hivi za dizeli zilimwagika, na meli yenyewe ikaharibika kiasi cha kutofaa kutengenezwa.

Msitazame ramu peke yake. Kampuni ilikuwa na sera ya kukataza pombe kabisa. Iko kwenye karatasi, labda ilibandikwa ukutani. Lakini ndani ya meli pombe ilikuwa ikinywewa, na nyingi. Kila aliyekuwa melini alijua. Ofisa aliyemkabidhi mwenzake zamu alisimama naye uso kwa uso mle briji. Sheria ya Uingereza ilikuwepo, mkataba ulikuwepo, sera ilikuwepo, kengele ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: wewe leo hukai hapa, nenda kalale, mimi naendelea na zamu mpaka nahodha aamke.

Kwa hiyo nawafundisha jambo la kufanya wakati wa kukabidhiana zamu. Mnaijua orodha: mahali tulipo, njia, kasi, meli zilizo karibu, hali ya hewa, maagizo ya nahodha. Ongezeni mtu mwenyewe. Mtazame macho. Mwache aongee, akusomee njia kwenye ramani. Ukiona ulimi mzito, au harufu, au mtu anashika meza ili asimame, hukabidhi. Mkataba unakuruhusu, tena unakukataza kabisa kumkabidhi zamu mtu ambaye una sababu ya kuamini hawezi kuifanya. Ukimkabidhi ukaenda kulala, lawama inakuja nawe kitandani.

Swali ambalo vijana huniuliza kila mara, tena kwa sauti ya chini, ni hili: je, aliyelewa akiwa ni nahodha?

Hapo ndipo penye uzito. Tumelelewa kwenye kazi hii kwamba nahodha ni mmoja na neno lake ni la mwisho, na wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini sheria za leo zimeshaliona tatizo hili na zimelijibu. Tarehe 24 Machi 1989, dakika chache baada ya saa sita usiku, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh huko Alaska na kumwaga takriban galoni milioni 11 za mafuta ghafi. Nahodha wake, Joseph Hazelwood, alikuwa amekunywa nchi kavu kabla ya kuondoka, na wakati wa ajali hakuwa briji. Alikuwa amemwachia thadi ofisa, yaani ofisa wa tatu. Damu yake ilichukuliwa zaidi ya saa kumi baadaye na ikasoma 0.061. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwenye shtaka la kuendesha meli akiwa amelewa, wakamtia hatiani kwa uzembe wa kumwaga mafuta: faini ya dola 50,000 na saa 1,000 za kazi za jamii. Mniwie radhi kwa kulisema waziwazi: damu iliyopimwa baada ya saa kumi ni ushahidi uliooza, na haki haikuweza kupatikana kwa upande wowote, wa kumtia hatiani wala wa kumsafisha. Ndiyo maana leo wanadai kipimo ndani ya saa mbili.

Mwaka uliofuata Wamarekani walipitisha sheria ya uchafuzi wa mafuta, na ndani yake wakaweka utaratibu ambao nataka muukariri. Maofisa wawili wenye vyeo vinavyomfuata nahodha, wakiamini kwa sababu za msingi kwamba nahodha amelewa na hawezi kuongoza meli, yule anayemfuata kwa cheo lazima amwondoe kwa muda kwenye uongozi. Sheria imesema lazima. Anaandika kwenye daftari la meli, anatoa taarifa kwa njia ya haraka iliyopo, na meli ikifika bandari inayofuata anawasilisha taarifa ya maandishi ndani ya saa 12. Oneni hekima iliyomo: ni wawili, ili ofisa mmoja mwenye chuki asimpindue nahodha wake, inaandikwa, ili isigeuke kuwa maneno ya baharia na baharia, ni kwa muda, kwa sababu nahodha akipimwa akakutwa mzima anarudi kwenye kiti chake.

Huo ni utaratibu wa meli za Marekani. Kwenye meli yenye bendera nyingine mtakuta utaratibu wa kampuni, na kila kampuni kubwa ina mtu wa nchi kavu ambaye baharia yeyote, hata wa cheo cha chini, anaweza kumpigia moja kwa moja kuhusu usalama. Jina lake na simu yake vinabandikwa melini. Siku ya kwanza ukipanda, kabla hujafungua begi, itafute karatasi hiyo, uandike namba.

Na msidhani nahodha mlevi anajificha. Rubani wa bandari anapanda kwa ngazi ya kamba, anaingia briji, wanashikana mikono, na sentimita hamsini za hewa zinatosha. Anasogea pembeni anaita kituo cha bandari kwa redio. Polisi wanakuja na kipima ulevi kabla kamba hazijafungwa vizuri.

Busan, Korea Kusini, tarehe 28 Februari 2019: meli ya Urusi Seagrand iligonga kwanza boti za starehe zilizofungwa gatini, ikaondoka, kisha ikaligonga daraja la Gwangan, lile linalopita baharini na magari juu yake. Nahodha alipopimwa akakutwa na 0.086, wakati kikomo cha kule ni 0.03. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikunywa baada ya ajali, ili atulie. Utetezi huo wachunguzi wameusikia katika kila bandari na hawaupokei kirahisi. Walinzi wa pwani walikokotoa nyuma na kusema alikunywa kabla. Baadaye Korea ikaikaza sheria yake, adhabu ikapanda kwa ngazi kadiri kipimo kinavyopanda. Nawasihi: ukipata ajali, hata kama hujaonja kitu mwezi mzima, usiguse pombe mpaka upimwe. Utakuwa umeuua ushahidi wako mwenyewe wa kwamba ulikuwa mzima.

Kwa upande wa Ghuba nitasema kwa ufupi. Saudi Arabia na Kuwait pombe ni marufuku, kiasi chochote. Bondi ya meli, yaani stoo ya pombe na sigara, inafungwa kwa lakiri kabla ya kuingia. Usibaki na kopo hata moja kabatini.

Sasa tugeukie nyumbani, kwa sababu nusu yenu hamtakwenda Rotterdam wala Busan. Mtafanya kazi kwenye boti za Unguja na Pemba, vivuko vya Kigamboni na Likoni, meli za Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Na wengine wazazi wenu wana mashua.

STCW niliyoitaja mwanzo ni ya meli zinazokwenda baharini. Imeziacha nje meli za uvuvi, imeacha boti za starehe zisizofanya biashara, na imeacha vyombo vya mbao vya kienyeji, yaani majahazi yetu. Maji ya ndani, maziwa yetu, nayo hayamo. Fikirieni maana yake kwa watu wa kwetu. Vyombo ambavyo watu wetu wengi zaidi wanapanda na kufanyia kazi kila siku, ule mkataba wa dunia haukuvigusa. Vimeachiwa sheria za nchi na watu wa kuzisimamia: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa Wakenya, na kila mmoja ana ufuo mrefu na wakaguzi wachache.

Mnaijua hali. Mtumbwi wa injini unaopakia dagaa usiku kucha, na kwenye baridi ya ziwa wanapitishiana kipande cha gongo, au waragi, au chang'aa, kutegemea upande wa ziwa, kwa imani kwamba inapasha mwili joto. Haipashi. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, joto la ndani linatoka nje. Unahisi moto wakati mwili unapoa. Mtu wa namna hiyo akianguka majini anapoa haraka, na anachelewa kushika kamba aliyorushiwa. Mchana nako jua, upepo, mtikisiko na kelele za injini vinamchosha mwendeshaji hata akiwa hajanywa, na kidogo anachokunywa kinamshika zaidi kuliko angekuwa amekaa barazani.

Tarehe 24 Novemba 2018, upande wa Uganda, boti ya starehe MV Templar ilizama Ziwa Victoria karibu na pwani ya Mukono. Vijana walikuwa wametoka kwa muziki na vinywaji, Jumamosi jioni. Boti ilikuwa imezidisha watu na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi la kuokoa maisha. Ulevi haukuwa chanzo pekee pale, nami sipendi kuuchukua msiba wa watu nikaubebesha hoja moja. Lakini anayepeleka chombo cha starehe anapaswa kujua kwamba abiria wake wakilewa, kazi yake imekuwa mara mbili: ndiye atakayehesabu watu, atakayekataa wa ziada, atakayewavalisha jaketi wasiotaka, atakayegeuza boti mapema anga likibadilika. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyeshika chupa mkono mmoja.

Ninachowaomba wenye mamlaka, na nasema nikijua baadhi yenu mko humu, ni kitu kidogo. Kipima ulevi kinashikwa mkononi. Trafiki wanacho barabarani. Kiwepo kwenye kila gati linalopakia abiria, na nahodha apulize kabla hajawasha injini, mbele ya abiria wake, kila safari, bila kungoja mtu wa kumshuku. Nahodha mzuri hataona amedhalilishwa. Na vikundi vya ufuoni vinavyosimamia uvuvi vinaweza kuanza hata leo, bila kungoja kanuni mpya, kwa kukubaliana kwamba chombo hakitoki ikiwa anayeshika injini amekunywa, na wenye vyombo wasimpeleke mtu kama huyo kwa sababu tu mwezi umeingia gizani na dagaa wapo.

Kwa wale wenye ndugu Marekani, waambieni na wao. Mwenzetu anayekodi boti na marafiki siku ya mapumziko, kule Minnesota kwenye maziwa mengi, yuko chini ya sheria ileile ya dereva wa gari: 0.08, na kosa la kwanza jepesi linaweza kuleta siku 90 jela na faini ya dola 1,000, na kukataa kupimwa ni kosa linalosimama lenyewe. Mtu mzima kunywa ndani ya boti haijakatazwa. Kinachokatazwa ni kuiendesha. Boti iliyotia nanga au kufungwa gatini haihesabiwi kuwa inaendeshwa. Basi wachague mapema mmoja asiyekunywa, ndiye ashike usukani. Kwa mtu ambaye makaratasi yake ya ukaazi bado yanashughulikiwa, kesi ya ulevi ni mzigo asioutaka kabisa, na aonane na mwanasheria kabla ya kukiri chochote.

Nimesema mengi ya adhabu. Sitaki mwondoke mkidhani baharia anayekunywa ni mtu mbaya. Mkataba wa miezi tisa ni mrefu. Mama amefariki na wewe uko katikati ya Atlantiki, hujazika. Simu ya mke inakuja mara moja kwa wiki na maneno yake yamebadilika. Yule chifu ofisa wa Lysblink naye alikuwa na jambo lililomvuruga kabla ya zamu ile. Pombe inaingia hapo, kwenye kabini, mlango umefungwa. Ukijiona umefika mahali ambapo huwezi kulala bila kunywa, sema mapema, kabla hujapimwa. Mwambie nahodha unaumwa, omba kushushwa, nenda kwa daktari. Nyumba za kuhudumia mabaharia zipo bandari nyingi. Mombasa ipo ya Mission to Seafarers, hawaulizi dini yako wala bendera ya meli. Anayejisema anatibiwa na anarudi kazini. Anayekamatwa anapoteza cheti, na mawakala wa ajira hawasahau. Tena wanaanza kuwatazama kwa shaka vijana wengine waliotoka chuo kimoja naye.

Wazazi, nanyi neno moja. Kijana akirudi likizo, msimwekee sherehe ya kreti za bia usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Mwekeeni wiki moja kabla.

Mwalimu wenu ameleta vipima ulevi viwili, viko meza ile ya mbele. Mje mmoja mmoja mjifunze kupuliza, maana pumzi fupi mashine inaikataa, na mkaguzi asiye na subira anaweza kukuandika kuwa umekataa. Usipime mara tu baada ya kusukutua kwa dawa ya kinywa yenye alkoholi; ngoja dakika 15. Someni tarakimu inayotokea na mseme kwa sauti ni miligramu kwa lita ya pumzi au ni asilimia ya damu, kwa sababu mashine hazifanani na nimeona maofisa wazima wakibishana juu ya namba ileile. Tuanze na safu ya kulia.